Kokoto za Bure

Chupa iliyomtia Owiti ndani ilikuwa ya dawa ya kunguni. Sajini Njoki Mbugua aliigeuza mkononi, akasoma karatasi iliyobanduka ubavuni, kisha akafungua kifuniko na kunusa. Hakuhitaji kunusa. Nani amelelewa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, asiijue harufu ile?

"Huu ndio ushahidi?" alimuuliza Konstebo Ondiek.

"Chupa hiyo, wavu mmoja na gunia la bata waliokufa, afande. Watu walisema yeye ndiye aliyetia bwawa sumu. Tungechelewa kidogo tungeokota majivu yake."

"Na wewe ukaandika sumu."

"Kwenye chupa wameandika sumu, afande."

"Hata kwenye kiberiti wameandika hatari. Mlete hapa."

Mambo yalikuwa hivi. Ng'ambo ya Kayole kuna shimo kubwa la machimbo ya zamani ambalo mvua ya miaka mingi imelijaza maji, matete yakaota. Wenyeji huliita Bwawa la Kwari, yaani la machimbo. Kila mwaka baridi inapouma huko Ulaya na Urusi, ndege hufunga safari, wakavuka bahari na jangwa, wakaja kutua hapo: bata, korongo, na vindege vya miguu mirefu vinavyochokora tope. Hukaa hadi kwao kupate joto, kisha hurudi. Mwaka huu walikuwa wakitua na kushindwa kuruka. Walielea kando ya matete, tumbo juu, watoto wakiwasukuma kwa vijiti. Hakuna ofisi iliyoshtuka. Si ni ndege tu? Ilibidi Shirleen, binti wa miaka minne, apatwe na degedege baada ya nyumba yao kula bata aliyenunuliwa kwa Owiti, ndipo simu zikaanza kulia.

Sasa Shirleen alikuwa wodini, akitibiwa sumu ya kuulia wadudu kwa sababu ndiyo polisi waliyoitaja. Asubuhi hiyo daktari wa zamu alikuwa amempigia Njoki, sauti kavu. "Dawa haimshiki," alisema. "Kama si sumu hiyo mliyotuambia, tuambie ni ipi. Huyu mtoto hawezi kungoja kesi yenu iende kortini."

Owiti aliingia amevaa shati la kuazimwa, jicho moja limevimba. Alikaa bila kuambiwa.

"Bata uliwaua na nini?" Njoki alianza.

"Na kisu, madam. Nilichinja."

"Kabla ya kisu?"

"Kabla ya kisu walikuwa wanatembea. Sikiza, mimi wateja wangu ni majirani. Nikiwawekea sumu leo, kesho nitamuuzia nani? Kunguni?"

Ondiek alikohoa kuficha kicheko. Njoki hakucheka.

"Uliwanasa vipi? Wavu wako umekauka. Una utando wa buibui."

Owiti alitazama mezani. "Siku hizi sitegi. Nawashikanga tu na mkono. Wanakaa hapo kwa tope, mabawa yamelegea kama mtu amevaa koti la ndugu yake mkubwa. Ukienda hawatoroki. Nilisema ni Mungu amekumbuka mtu wake."

"Ndege aliyetoka Urusi kwa bawa lake, akashindwa kukutoroka wewe na malapa, na ukaona ni baraka."

"Madam, njaa haina darubini."

"Kuwinda wale ndege ni kosa, na utalijibu. Kumuuzia mama wa watoto ndege mgonjwa ni kosa kubwa zaidi hata kama sheria haijalitaja. Walianza kulegea lini?"

"Tangu mvua ya kwanza. Hao waliokuja mapema ndio walianza."

Njoki aliinuka. Hilo lilimtosha. Sumu ya wadudu haimlegezi ndege wiki baada ya wiki. Humwangusha pale pale alipodonoa. Alibeba bata mmoja kutoka kwenye gunia, akamfunga kwa mifuko miwili, akaandika tarehe na jina lake, Ondiek akatia sahihi, wakaondoka.

Daktari Hashi, daktari wa mifugo, alikuwa na kliniki nyuma ya duka lake la dawa za kilimo. Aliufungua mfuko, akaangalia.

"Sajini, umeniletea chakula cha mchana?"

"Nimekuletea mtoto aliye wodini, daktari. Fanya haraka."

Hashi aliacha mzaha. Alivaa glavu, akapitisha kidole kwenye kidari cha bata. "Gusa hapa. Mfupa kama makali ya kisu, nyama imekwisha. Huyu hakufa kwa siku moja, amekonda wiki nzima." Alimgeuza. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameganda kinyesi cha kijani. Akampasua kooni. "Mfuko wa chakula mtupu. Angelishwa mahindi ya sumu ningeyakuta hapa hapa."

"Kwa hivyo si dawa ya kunguni."

"Hata kunguni hawafi kwa dawa hiyo, sembuse bata." Akaitoa firigisi, akaipasua, akaimwaga kwenye sahani nyeupe. Zilitoka punje nyeusi, nyingine zinang'aa kwa ndani. Alichukua moja kwa kibanio, akaikwaruza kwa ncha ya kisu. Iliacha alama laini. Akaisugua kwenye karatasi. Ikachora mstari kama penseli.

"Jiwe halichori hivi," alisema polepole. "Haya ni madini ya risasi, sajini. Yale yale ya kwenye betri za gari. Na hizi nyeusi zilizoshikana nayo ni mabaki ya jiko la kuyeyushia."

"Bata anakula betri?"

"Bata hana meno. Humeza vijiwe, vikakaa kwenye firigisi, vikamsagia chakula. Hachagui kama sisi, anaokota kilicho ufukweni. Akiokota hizi, firigisi inazisaga usiku na mchana, na kila zinaposagika sumu inaingia kwenye damu. Punje chache tu zinatosha. Mabawa yanalegea, hamezi, anakufa njaa na chakula kiko mbele yake." Alivua glavu kwa hasira. "Amekwepa bunduki, amekwepa dhoruba ya mchanga, amefika kwetu kupumzika, na sisi tumemtandikia hiki. Na makundi makubwa bado yako njiani. Wiki hii na ijayo yatatua."

"Unaweza kuapa ni risasi?"

"Nitapeleka maabara, nitie lakiri, watanijibu kwa muda wao. Mimi mwenyewe sina shaka."

Walipofika kwenye gari Ondiek alikuwa ameshafunga kesi. "Mtoto alikula firigisi, afande. Ndiyo hiyo. Tunarudi kwa Owiti."

"Twende kwanza kwa mtoto."

Nyumba ya akina Shirleen ilikuwa ya mabati, katika safu ya vyumba vya kupanga karibu na bwawa. Baba Shirleen, seremala wa Gikomba, alikuwa mlangoni, mikono imening'inia. Mama Shirleen alikuwa amerudi kutoka hospitali kuchukua leso na chupa ya chai. Hakuketi.

"Afande, yule Owiti mmemfanya nini?"

"Yuko ndani, mama. Naomba unisaidie. Siku mliyokula yule bata, nani alikula nini?"

"Sisi wote. Mimi, mzee, na watoto watatu. Shirleen alipewa bawa, akakula kidogo akasukuma sahani."

"Na firigisi?"

Mume na mke walitazamana, karibu watabasamu, kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka mashariki.

"Firigisi ni ya baba, afande," mama alisema. "Sisi Waluhya hiyo haigawanywi. Mtoto wangu hata haijui ladha yake."

"Niliikula mimi," Baba Shirleen alisema. "Nikaona ina mchanga, nikaiosha tena, nikaikula."

"Na uko salama?"

"Mzima. Ningetamani ingekuwa mimi."

Ondiek alikuwa ameacha kuandika. Njoki alipanga kichwani. Aliyekula sehemu mbaya kuliko zote alikuwa amesimama mbele yake. Watoto wengine wawili walikuwa wakipigania kibao cha kukalia. Aliyeonja bawa peke yake ndiye aliyekuwa wodini. Basi bata hakumleta Shirleen wodini. Bata na Shirleen walikuwa wamelishwa kutoka sahani moja.

"Mama Shirleen, jibu polepole. Kabla ya bata, mtoto alikuwa vipi?"

Mama aliiweka chini chupa ya chai. "Alikuwa... kwanza tumbo. Siku nyingi. Choo hapati. Nilimpa dawa ya minyoo. Halafu akawa na hasira, mtoto ambaye hakuwa na hasira. Wimbo wa shule alioujua wote akawa anausahau katikati, anatuangalia. Nilimwambia mzee huyu mtoto anarudi nyuma. Mzee akasema ni utoto."

"Hospitalini uliwaambia hayo?"

"Hawakuniuliza. Nilipofika tu askari alikuwa ameshasema ni sumu ya bata."

Ondiek alitazama viatu vyake. Njoki hakumsaidia.

"Anakula udongo?"

Mama aliinua shingo. "Watoto wote wanakula udongo, afande. Hata mimi nikiwa na mimba yake nilikula."

"Sikulaumu. Nami wangu alikuwa analamba ukuta. Ninauliza anaupata wapi."

Mama alitazama chini, na wote wakatazama chini pamoja naye. Kichochoro chote, kutoka mlango ule hadi bomba la maji, na kutoka bomba hadi lango la nasari ya kanisa, shule ya watoto wadogo, kilikuwa kimetandikwa vizuri changarawe nyeusi, safi, isiyo na tone la matope. Njoki aliinama, akaokota punje moja kwa karatasi, akaikwaruza kwa ufunguo wa gari. Ndani iling'aa. Akaisugua kwenye ukurasa wa Ondiek. Ikachora.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ya bure hiyo," jirani mmoja alidakia. Alikuwa Wangeci, mwuza mboga, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo bila kujificha. "Ya kiwanda cha geti ya buluu, kule wanayeyusha betri kuukuu. Si unajua matope ya huku, afande? Mvua ikinyesha unabeba mtoto mgongoni na viatu mdomoni. Tulilia kwa wakubwa miaka yote, hakuna aliyetusikia. Bwana Sydney, meneja wao, alituletea lori zima. Tukamwombea. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele."

"Na iliyobaki?"

"Dereva aliimwaga pale bwawani. Alisema tujichotee tukitaka."

"Mimi nilitangulia kabla ya wengine," Baba Shirleen alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilichukua mikokoteni miwili. Sikutaka mtoto wangu akanyage matope. Nilimtandikia mpaka kizingitini."

Mkewe alimshika kiwiko, akamwachia, akamshika tena.

Njoki alipiga simu hospitalini akiwa amesimama pale pale juu ya changarawe. "Daktari, acheni sumu ya wadudu. Pimeni damu risasi. Ndiyo, madini. Alikuwa anayala kwa wiki nyingi, yametapakaa mlangoni. Na jiandaeni, kuna nasari nzima." Kisha akawageukia watu waliokuwa wameanza kujaa. "Watoto wote waingie ndani, waoshwe mikono. Viatu vibaki nje. Hakuna kufagia hapa. Ukifagia vumbi linapanda, mnalivuta. Mwagieni maji kwanza. Shikeni kwa beleshi, si kwa mkono, na mfunge pua."

"Tukishazoa tuweke wapi?" Baba Shirleen aliuliza.

"Msirudishe bwawani. Mengine nitawaambia."

Alikwenda bwawani kwa miguu. Rundo lilikuwa ufukweni kama alivyoambiwa, nusu ndani ya maji, na pembeni yake tope lilikuwa limejaa alama za nyayo za bata na vitundu vya midomo, mamia kwa mamia, kama kitambaa kilichopitishwa kwenye cherehani. Korongo mmoja alikuwa amesimama hapo, shingo imekunjika, hakusogea Njoki alipomkaribia. Juu, kundi jipya la bata lilizunguka mara moja, likateremka. Ondiek alipiga makofi kuwafukuza. Waliinuka kidogo, wakatua ng'ambo.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," Njoki alisema. "Hawa walikuja wakatuonyesha. Walianza kufa mvua ya kwanza tu, na hakuna aliyewauliza wanakufa kwa nini. Tulingoja mpaka mtoto."

"Mimi ndiye niliwaambia hospitali, afande."

"Najua. Utasema hivyo kwenye taarifa yako, na jina lako chini. Piga picha za hizo alama."

Geti ya buluu ilifunguliwa na bawabu aliyeziba pua kwa kitambaa. Wafanyakazi waliokuwa wakibeba betri uani walikuwa na matambara usoni. Bwana Sydney alikuwa nadhifu, na aliwapokea kwa chai.

"Madam, tumesikia habari ya mtoto. Tunasikitika sana. Tulikuwa tunapanga kutembelea familia."

"Ile changarawe mliyowapa watu ni nini?"

"Mawe tu. Yanabaki tukishayeyusha. Hapa tunaamini katika kusaidia jamii."

"Hayana madhara?"

"Hata kidogo."

"Mtoto akichezea?"

"Watoto wanachezea mawe tangu dunia iumbwe."

"Ndege wanakufa bwawani."

"Madam, ndege wanakufa kila mahali. Hao wametoka mbali, huenda wamekuja na magonjwa yao ya huko. Mmeshamshika yule mwenye sumu, si ndiyo?"

Njoki alikunywa chai kidogo, akaangalia dirishani. Ua ulikuwa mpana. "Umewapa mtaa mzima kokoto za bure," alisema. "Hapa kwako sioni hata punje. Umemwaga simiti kutoka geti hadi choo. Simiti si rahisi, Bwana Sydney. Kwa nini hukutumia mawe yako?"

"Ni... mwonekano. Wageni wanakuja."

"Na wafanyakazi wamefunga nyuso kwa sababu ya mwonekano?"

"Joto la jiko. Madam, kama una swali la kisheria, wakili wetu yuko mjini."

Simu ya Njoki ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo mara mbili, akaiweka mfukoni. Damu ya Shirleen ilikuwa imejaa risasi, kupita kiwango ambacho mashine ilizoea kuonyesha. Walikuwa wamembadilishia dawa saa hiyo hiyo. Degedege ilikuwa imetulia. Kama angeukumbuka wimbo wake tena, daktari alikataa kuahidi.

Kabla hajasema neno, kelele ilisikika barabarani. Bawabu aliingia mbio. "Bosi, watu."

Walitoka nje. Nyuma ya geti iliyoachwa wazi, barabara ilikuwa imejaa mikokoteni, wilibaro, karai, hata beseni za kufulia, zote zimejaa changarawe nyeusi inayochuruzika maji. Watu walikuwa wamefunga pua kwa leso na fulana. Mbele ya wote alikuwa Baba Shirleen kati ya mikono ya mkokoteni, na kando yake Wangeci na beseni kichwani; nyuma kabisa Mama Shirleen, njiani kurudi wodini, chupa ya chai kwapani.

"Hawa ni nani? Wanataka nini?" Sydney aliuliza.

"Jamii yako," Njoki alisema. Hakuwa amewatuma. Hakuwazuia pia. Alimgusa Ondiek, na Ondiek akainua simu, akaanza kurekodi.

"Bwana Sydney," Wangeci alisema kwa upole kabisa, "kwetu kiondo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ulitupatia, tukakushukuru, na mimi nikakupigia vigelegele. Tumekuletea. Tunaomba tutandike hapa uani, hadi mlango wa ofisi yako, ndio na wewe usikanyage simiti."

"Rudini. Mali ya kiwanda haiingiliwi."

"Ni mawe tu," Baba Shirleen alisema, na akausukuma mkokoteni hadi ndani ya geti.

"Nimesema rudi."

Mkokoteni ulipita bawabu. Ulipita tangi la maji. Wafanyakazi waliacha betri zao wakasogea ukutani. Baba Shirleen alifika mbele ya mlango wa ofisi, ambapo palikuwa na meza ya chakula cha mchana na sahani za watu, akainua mikono ya mkokoteni ili amwage.

"Usimwage hapo," Sydney alipiga kelele, amerudi nyuma hadi ukutani, mkono mdomoni. "Watu wanakulia hapo, wewe mwendawazimu. Hiyo ni sumu."

Wangeci aliteremsha beseni kutoka kichwani. Ondiek hakushusha simu.

Baba Shirleen aliuteremsha mkokoteni taratibu mpaka ukakaa sawa, punje moja isianguke. Akajifungua leso usoni ili asikike vizuri.

"Rudia," alisema. "Mama yake Shirleen yuko nyuma kule, hakusikia."